Maji ya Biskuti

Jumanne, 9 Oktoba 1934

Bwana ameondoka leo na wenzake kwenda Geita kutafuta dhahabu. Wiki tatu. Mimi mpishi wake nimeachiwa funguo za stoo, kuku sita, na Biskuti. Huyu Biskuti ni kijibwa — ukimweka kwenye sufuria yangu ya pilau anaenea, na nafasi inabaki.

Kuhusu stoo, Bwana hakusema neno. Kuhusu kuku, hakusema. Kuhusu mbwa — kidole juu, mara tatu! Bakuli lisikauke. Maji yabadilishwe asubuhi na jioni. Mbwa mdogo akikosa maji siku mbili tatu kwa joto hili, amekwisha. Shinyanga nzima inafukua mchanga wa mto kutafuta maji, na mimi nimwage maji ambayo hayajachafuka. Nikasema ndiyo, Bwana.

Nimemleta kwangu, nyumba ya Bwana imefungwa. Mke wangu Mwanne hakupiga kelele. Alisema tu mbwa akae uani, awe na chombo chake, na siku akilamba mtungi nitauosha mwenyewe mara saba, mara moja kwa udongo. Nikapiga hesabu. Maji ya kuosha mara saba yanamtosha Biskuti wiki.

Ijumaa, 12 Oktoba

Tangi la Bwana limekauka. Nimechota mtoni kwa debe jipya — la mafuta ya taa, nimelipata jana dukani kwa Mhindi. Jioni nimemwekea Biskuti. Kanusa, kageuza uso. Kunywa, bwana mdogo! Wapi. Kajilaza.

Anamlilia Bwana wake, nadhani.

Jumamosi, 13 Oktoba

Hajanywa. Nimempikia mchuzi wa kuku, kalamba mara mbili akaacha. Pua imekauka, ulimi nje.

Nilivua kanzu asije akaigusa, nikakaa naye kivulini mpaka adhuhuri. Mtu mzima, baba wa watoto, nimekaa chini nampepea mbwa kwa ungo! Nilijiambia ni kwa ajili ya kazi yangu. Si kweli. Akinitazama, moyo unaniuma. Basi, nimeandika.

Mama Limi, jirani yetu, alichungulia juu ya ua. Akasema mbwa anayekataa maji ana kichaa. Alimwona mmoja kwao, aliuma watu wawili, wakazikwa wote wawili. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumapili, 14 Oktoba

Nimejua! Mjinga ni mimi.

Alfajiri nilikuwa mtoni. Mzee Maige alikuwa ananywesha ng'ombe wake kwenye hori la udongo. Nikamwamkia kwa Kisukuma chake, mwangaluka, akaitikia, halafu akasogea mbali na debe langu. Anauliza nimebeba taa au maji. Kasema ng'ombe wake hata mmoja hawezi kutia mdomo humo. Nikainamisha pua — mafuta ya taa! Nami mpishi miaka kumi na moja, chumvi ikizidi najua kwa harufu ya mvuke. Tumeyanywa hayo maji kwenye chai tangu juzi, hakuna aliyesema kitu. Tumezoea. Hata mchuzi wa Biskuti niliupika kwa hayo hayo.

Nimelisugua debe kwa majivu, kwa mchanga, nikachota tena. Bado. Nikasema nitambeba mwenyewe mpaka mtoni anywe palepale. Sikufika hata njiani. Mtu wa jumbe alikuwa amesimama mlangoni: mbwa asitoke uani, afungwe kamba, nami nisibanduke; kesho askari atakuja kumwangalia, akikataa maji apigwe risasi. Mama Limi amekwisha kusema.

Maji mengine nyumbani yamo kwenye mtungi wa Mwanne, wa udongo, hauna harufu. Nimeutazama mara nyingi leo. Sikuthubutu kuomba.

Jumatatu, 15 Oktoba

Naandika barazani.

Asubuhi Mwanne alichukua bakuli lake la wali, akalikinga chini ya mtungi na kuuinamisha mpaka tone la mwisho. Hayakufika nusu bakuli. Akamwekea Biskuti. Kayanywa yote! Kalamba bakuli, kamtazama, anataka tena. Nikamshukuru mke wangu. Akasema, “Baba Zuleha, kiumbe hafi kwa kiu mlangoni kwangu.”

Kisha kafika askari, Jilala, bunduki begani. Nikamwambia mbwa amekunywa sasa hivi. Nani ameona? Mimi na mke wangu. Hapana, anataka kuona kwa macho yake. Nikamweleza habari ya debe. Kachovya kidole debeni, kalamba. “Mzee, haya ndiyo maji tunayokunywa sote.”

Ndiyo. Ndiyo tunayokunywa sote! Nikimpa Biskuti hayo, atageuza uso mbele ya bunduki. Nisipompa, nimeficha kichaa. Jilala si mtu mbaya. Amesema atapumzika kidogo, kivuli kikifika kizingitini atafanya alichotumwa. Kimebaki shubiri mbili.

Mtoni kwenda na kurudi ni saa nzima.

Mwanne kajifunga kanga, kachukua bakuli. Nikamuuliza anakwenda wapi. Kwa Mama Limi, ana mtungi. Nikasema, Mwanne, huyo ndiye aliyetushtaki. Kasema anajua.

Namwona kutoka hapa. Mlango wa Mama Limi umefungwa na moshi unatoka jikoni. Amepiga hodi. Kimya. Amepiga ya pili. Jilala amesimama, anajinyoosha. Ya tatu — kimya.

Mwanne harudi. Anapiga ya nne.