Gauni la Mama Chini ya Mkasi

Mpendwa mshauri,

Naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana jambo hili sijamwambia mtu, hata shoga yangu niliyefua naye shuka za hospitali miaka ishirini na sita. Sasa nimestaafu, naishi peke yangu, na nilikuwa na raha zangu ndogo ambazo sikumwomba mtu: nikishafagia nachemsha chai, nafungua redio, nakaa dirishani na kikapu cha vitambaa, naunganisha kipande na kipande mpaka linatokea tandiko la viraka la kutandika kitandani, na mchana unaisha bila kujua umekwenda wapi.

Mama yetu aliugua miaka mitatu na aliyemuuguza ni mimi, kumwogesha mimi, kumgeuza mimi, kumlisha uji kijiko kwa kijiko mimi, na mdogo wangu, kitinda mimba, kipenzi chake, ni mwalimu mji mwingine, alikuja mara mbili tu, akamkumbatia mama na mama akacheka, mama ambaye kwangu kazi yake ilikuwa kulalamika kuwa uji una moto. Simu alikuwa anapiga, sikatai, lakini nilikuwa namwambia mama kalala, na mama akiniuliza kama huyu mtoto kapiga, nilisema watu wana kazi zao.

Tulipomaliza kuzika na watu wakatawanyika, mdogo wangu akaniambia mlangoni, "Dada, nguo nyingine zote gawa, mimi niwekee lile gauni la bluu tu." Nikamwitikia. Alipoondoka nikachukua mkasi nikalikata gauni lile mraba mraba, wala sikulia, mkono ulitulia kama nakata nguo ya mtu nisiyemjua, nikalishona katikati ya tandiko langu na nikawa nalilalia kila siku kwa raha zangu.

Mwaka huu akaja, akauliza gauni. Nikasema liliingiwa na nondo, wale wadudu wa nguo, nikalitupa. Akasema, "Basi, si kitu." Nikaenda jikoni kuweka chai, niliporudi nikamkuta chumbani kwangu amekaa ukingoni mwa kitanda, kidole chake kinafuata mshono, akasema polepole, "Nondo wako wanajua kushona, dada." Akachukua mkoba wake akaondoka, chai hakuigusa.

Huu ni mwezi wa tano tangu aondoke, hapokei simu zangu. Nikishika sindano nairudisha kikapuni, redio inanikera, chai naimwaga. Je, nimpelekee tandiko zima kama zawadi, au nilifumue nimrudishie vipande vyake? Na yeye aliyeniachia mzigo peke yangu, hana kosa?

Dada Mkubwa

Dada Mkubwa,

Pole kwa msiba, na pole zaidi kwa miaka ile mitatu. Kumgeuza mgonjwa kitandani kila siku bila kuambiwa ahsante kunamchosha mtu mpaka moyoni. Mama alikulalamikia wewe kwa sababu ndiye uliyekuwepo. Mgeni huchekewa, anayeshika beseni hunung'unikiwa. Si haki, lakini ndivyo wagonjwa walivyo.

Hapo huruma yangu inaishia. Umeniandikia gauni, mkasi na nondo, ukapitisha habari za simu kama mtu anayepitisha mzigo wa magendo usiku. Nimeusoma mstari huo mara tatu. Mtoto anapiga, wewe unasema mama kalala. Mama anauliza, wewe unasema watu wana kazi zao. Umewatenganisha watu wawili waliokuwa wanatafutana, mmoja akafa hajui. Gauni lilikuja baadaye, na ni dogo.

Mdogo wako ana kosa, ndiyo. Angepanda gari aje hata kama umemwambia mama kalala. Lakini yeye hajaniandikia. Umeniandikia wewe.

Tandiko usimpelekee. Zawadi hapo ni kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, halafu utakaa kusubiri akushukuru. Wala usilifumue; viraka vya bluu ndani ya bahasha ni tusi la pili. Likunje, liweke kabatini. Na usiniulize raha ya kushona itarudi lini. Ile haikuwa raha, ulikuwa unajifunika ushindi.

Nenda kwake wiki hii. Ukikuta mlango umefungwa, andika barua kwa mkono wako uipitishe chini ya mlango. Anza na simu, usianze na gauni. Mwambie ulimzuia. Mwambie mama alimuulizia, alimuulizia lini, kwa maneno gani, kwa sauti gani, kila unachokumbuka. Neno "lakini" liache nyumbani. Uchovu wako utausema siku nyingine, kama atakupa siku nyingine.

Huenda hatakupa. Gauni aliligundua mwenyewe. La simu hajui, na ukinyamaza hatajua kamwe. Siwezi kukuahidi kwamba atakusamehe. Ila mdogo wako leo anaamini mama yake alikufa bila kumuulizia, na dunia nzima anayejua kwamba si kweli ni wewe peke yako.