Hapo Pana Kiu

Baba,

Salamu kutoka Irving, huku ng'ambo. Ni mimi, mama yako, yule uliyempa jina la mama yako mzazi ukamwita "mama" tangu akiwa kwenye nepi. Ni miezi kumi na minne sasa tangu ututoke, na hii ndiyo barua yangu ya kwanza kwako. Nimechelewa kwa sababu nina kosa la kuungama, na unanijua, kuungama hunishinda.

Ni ule wasifu wako uliosomwa siku ya mazishi. Sikuweza kuja, makaratasi yangu ya hapa yalikuwa bado, nikasema basi wasifu nitauandika mimi. Nikaandika, "Marehemu alihudumu katika usimamizi wa klabu ya tenisi kwa miaka thelathini na moja." Kaka Kimani akausoma mbele ya watu, mimi nikitazama kwa simu. Kule nyuma kabisa walisimama wenzako watatu wa kazini, kofia mkononi, wale mliokuwa mkimwagilia na kufagia viwanja vya tenisi pamoja. Neno hilo liliposomwa, mmoja aliinamisha kichwa. Nilimwona, Baba. Usimamizi! Wewe ambaye hata ufunguo wa ofisi hukuwahi kuushika.

Sasa nikueleze ya Jumamosi. Akinyi, muuguzi mwenzangu, alikuwa na tiketi ya yale mashindano makubwa ya tenisi ya Houston, yanayochezwa kwenye udongo mwekundu. Akapangiwa kazi siku hiyohiyo. Akanisukumia tiketi mkononi: "Nyambu, enda wewe. Na hiyo off usi-pick shift tena, utazikwa na uniform." Ana haki ya kunisema. Tangu uondoke sijakaa nyumbani siku ya mapumziko hata moja. Nikikaa tu, nakuona. Afadhali kazi.

Niliondoka alfajiri, nikafika Houston jua limeshachachamaa. Nikanunua soda, nikakaa. Kwenye kiti, Baba! Safu ya saba, kiti chenye mgongo. Wewe miaka yote ulitazama mechi umechuchumaa nyuma ya kile kitambaa cha kijani kilichozungushiwa uwanja, kupitia tundu ulilolipanua kwa kidole.

Harufu ndiyo iliyonipata kwanza, udongo uliotoka kumwagiwa maji. Nikakumbuka lile karai ambalo Mama alilowekea soksi zako, maji mekundu hata baada ya kusuuza mara tatu. Rafiki zangu wa shule walipokuja nilikuwa nalisukuma chini ya kitanda. Sijui kama uliwahi kujua. Nadhani ulijua.

Wachezaji wenyewe siwajui, vijana warefu wanaoupiga mpira kana kwamba umewatukana. Seti ya kwanza ilipokwisha, watu wakainuka kutafuta chakula. Mimi nikabaki, maana ndipo wenye kazi walipoingia. Wanaume wanne, fulana zinafanana. Wakakokota wavu wa kusawazisha juu ya udongo wakianzia pembeni, wakizunguka kuingia ndani, vilevile ulivyotuonyesha nyumbani kwa gunia. Mmoja akafagia mistari kwa hatua ndogondogo, mgongo umepinda kidogo upande wa kushoto. Ule mgongo, Baba... Nilijiziba mdomo.

Kisha wakamwagilia. Ila kona moja ya mbali, iliyopigwa na jua tangu asubuhi, ikabaki imepauka. Nikaisikia sauti yako: "Mama, hapo pana kiu. Pakiwa na kiu patamwangusha mtu."

Mchezo ukaanza tena. Kijana mmoja akaukimbilia mpira kwenye kona ileile, na mimi nikapayuka, "Hapo pana kiu!" Kwa Kiswahili, mpira ukiwa hewani. Uwanja mzima umenyamaza kama kanisani wakati wa sala, na binti yako anabweka. Sheria yako ya kwanza kabisa, kutopiga kelele watu wakicheza, nikaivunja! Mwamuzi akageuka kunitazama kutoka juu ya kiti chake, nikatamani kuingia chini ya changu. Na kijana akateleza, akaanguka kwa ubavu. Hakuumia, ashukuriwe Mungu, aliinuka amekuwa mwekundu nusu.

Bibi mmoja wa Kizungu aliyekaa kando yangu akaniuliza kwa upole nilikuwa nimesema nini. Nikamweleza. Akashangaa, akauliza nilijuaje.

Jibu langu la miaka yote lilikuwa tayari mdomoni. Nimelisema shuleni, nimelisema ukweni, nikaliandika kwenye wasifu wako. Huwa linatoka lenyewe. Nikalizuia. Nikamwambia, "Baba yangu alikuwa fundi wa viwanja vya udongo. Alifagia mistari miaka thelathini na moja."

Nililia, Baba, soda mkononi, kile kilio ambacho sikukilia siku ya mazishi. Yule bibi aliondoa mkoba wake katikati yetu, akanisogelea.

Mechi ilipokwisha nikashuka hadi ukingoni. Yule mfagiaji alikuwa akikusanya brashi zake. Nikamwambia mistari yake imenyooka sana. Akaitazama kwanza, upande huu na upande ule, kabla ya kunijibu asante. Ungekuwa wewe ungefanya hivyohivyo.

Basi nisamehe. Nilidhani nakupamba, kumbe nakufuta.

Makaratasi yangu yametoka. Desemba nakuja, na Kimani anataka tulijengee kaburi lako. Kwa ajili ya jiwe nilikuwa nimempa lile neno la usimamizi. Jana nimempigia simu alitoe. Jiwe litaandikwa jina lako, na chini yake "Fundi wa Viwanja". Wenzako watatu nitawaalika mimi mwenyewe. Nitausoma wasifu wako upya, ulio wa kweli, kwa mdomo wangu huu uliozoea kupayuka. Nimemwambia Kimani akodi viti vizuri, vyenye mgongo, na vitatu vya mbele asimpe mtu mwingine.

Pumzika, Baba. Safari hii wao watakaa, na mimi nitasimama.

Mama yako,
Nyambura