Seva Iliyokuwa Inanifichia Aibu

Uko wapi wewe? Soma hii sasa hivi.

Unaikumbuka ile tovuti ya kliniki? Mgonjwa akiingia, ukurasa unatakiwa umwite kwa jina. Mara unamwita, mara seva, ile kompyuta inayoiendesha tovuti, inasahau kabisa ni nani. Leo bosi kanifokea: "Ukikosa jibu, kesho usije!"

Nikajibu mbele ya wote, "Ni uchafu aliotuachia marehemu." Yule fundi aliyenifundisha kazi! Mimi huyuhuyu nimesema hivyo.

Basi nikafanya kila seva ijitaje chini ya ukurasa. Zikatokea mbili. MBILI, ndugu yangu! Yangu mpya, na ile ya marehemu ambayo wote tulidhani imezimwa. Zinapokezana wagonjwa.

Nikakimbilia stoo. Naikuta inawaka, ina joto, feni inapumua kama mtu. Ubavuni kuna karatasi, mwandiko wake:

"Mdogo wangu, usiizime hii. Mpya yako hujaiwekea mpangilio wa kupokea jina. Nitakuonyesha Jumatatu."

Jumatatu si ndiyo tulimzika?

Miezi mitano tangu tumzike! Jina likitokea, ni yeye. Likipotea, ni mimi. Na asubuhi nimemtukana.

Nimerekebisha, kumbe mstari mmoja tu. Bosi anacheka: "Kweli ulikuwa uchafu wa marehemu! Kaizime hiyo mashine yake."

Nimeshika waya, mkono umekataa.

Karatasi ninayo mfukoni. Nampelekea bosi aisome. Akitaka kunifukuza, anifukuze.