Barua Niliyoificha Kabatini

Nyumba za wafanyakazi,
Nyuma ya kiwanda cha mikate.
Jumapili, tarehe 9

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Kifua chako kinasemaje na baridi ya huko? Dawa unakunywa, au bado unaziangalia tu kama picha? Na wifi yangu hajambo? Sisi huku tunapumua, na kwa hali ilivyo hilo si dogo.

Binti yako anaendelea vizuri. Bandeji zilitolewa Jumanne na kidonda kimekauka. Vile vidole vitatu vya mkono wa kulia ndiyo vimekwenda, kaka, sitakupambia maneno. Anajifunza kufunga vifungo kwa mkono wa kushoto, na akishindwa anacheka yeye kwanza ili sisi tusilie.

Kwenye simu ulinishukuru. Ulisema, "Mdogo wangu, wakabe hao mabosi mpaka watoe macho." Nikaitikia ehee, ehee, kama mjinga. Ulimi ulikataa kusema, ndiyo maana naandika. Kaa chini kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Unajua mimi ndiye katibu wa chama cha wafanyakazi hapa. Mwenyekiti wetu tunamwita Mzee Hapana, kwa sababu hata ukimkaribisha chai huanza na hapana. Miezi mitatu sasa tunajadiliana na mwajiri juu ya mkataba: mshahara, zamu, na mifuniko ya mashine za kukandia unga. Mashine hizo ziko wazi juu. Unga ukigandia pembeni, mtu huingiza mkono kuukwangua huku mashine inazunguka, maana ukiizima katikati donge lote linaharibika. Sote tumefanya hivyo. Mimi nimefanya miaka kumi na moja.

Upande wa pili wa meza hukaa ofisa utumishi. Usidhani ni malaika. Kila kikao alikuja mikono mitupu, na ukimuuliza neno anajibu, "Hilo nitaliuliza juu." Huko juu kulikuwa mbali kuliko kwako.

Lakini siku moja alinipa barua mkononi, koridoni. Ilisema mifuniko imeshanunuliwa, iko stoo. Tuseme tu ni zamu ipi isimame ili ifungwe, mengine tuendelee kuyajadili. Niliisoma mara mbili nikitafuta mtego. Haukuwepo.

Nikampelekea Mzee Hapana. Akaniambia, "Iweke kwanza. Watu wakipata mifuniko watapoa, na wakipoa, mshahara hatuuoni ng'o." Nami nikaona ana akili. Nikaificha kabatini, chini ya vitambaa vya meza.

Kikao kilichofuata ofisa akauliza, "Katibu, ile barua yetu mliipata?" Nikamtazama usoni, nikasema hatujaiona. Nikaandika hivyo hivyo kwenye muhtasari. Naye, aliyejua fika kwamba alinikabidhi mwenyewe, akatia saini bila neno. Labda alifurahi kupata kosa letu la kuweka akiba. Mifuniko ikabaki stoo, kila mmoja akimngoja mwenzake ateleze.

Siku ya tisa baada ya hapo, saa nne asubuhi, binti yako akaingiza mkono.

Kaka, swali lile la ofisa kuhusu barua halinitoki. Nikichota maji, nalisikia. Nikipiga pasi, nalisikia, kwa sauti ile ile ya upole. Saa sita mashine zikizimwa kwa chakula, ukuta wetu wa nyuma hunyamaza ghafla, nami husimama na kikombe mkononi nikingoja mtu apige kelele. Hakuna anayepiga. Kisha nafungua kabati, nahakikisha barua ipo, nalifunga. Naogopa chumba changu mwenyewe.

Alhamisi tunakwenda mbele ya msuluhishi. Chama kinalalamika kwamba mwajiri hajadiliani kwa nia njema, na shahidi wa kwanza ni mimi. Mzee Hapana ameniambia niichome ile barua. Anasema wenzetu mia moja na arobaini watapoteza shauri kwa ajili ya karatasi moja. Huenda ni kweli, na hilo linaniuma sana. Lakini nitamdaije mtu nia njema wakati yangu imelala chini ya vitambaa? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nitaiweka mezani, niseme siku niliyoipokea. Nimeona wewe ujue kabla ya msuluhishi.

Binti yako bado sijamwambia. Nimejaribu mara mbili, na mara zote mbili akaniomba nimfungie kifungo cha shingoni. Nikamfungia. Nitamwambia Jumatano, niwe na ujasiri nisiwe nao.

Msalimie sana wifi, na wale mapacha, na jirani yako fundi saa. Mungu akujalie kifua chepesi, na moyo wa kuifikisha barua hii mwisho. Sikuombi unisamehe leo.

Salamu za binti yako ziko hapo chini. Aliziandika jana kwa mkono wa kushoto, akaanzia mwisho wa karatasi ili aniachie nafasi ya habari zangu. Nafasi yote nimeijaza.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukinikasirikia.

*Baba usiwe na wasiwasi. Shangazi anatupigania.*