Bibi Amefumua Kikapu Changu

Busawe, Jumapili, 1956

Agustina, Bibi Kezia amefumua kikapu changu. Chote.

Kile cha katani, nilichokisuka wiki tatu nikipeleke kwa wakwe. Amekifumua mbele ya shangazi zangu wote, akisema, "Umesahau mstari mweusi. Mama yangu hakunifundisha hivyo."

Nimesahau? Mistari ilikuwepo mitatu. Wewe mwenyewe ulinisaidia kuloweka zile nyuzi kwenye tope mpaka zikawa nyeusi.

Shangazi wakaangalia chini.

Nikamfuata mama jikoni. Nikamwambia mistari ilikuwepo. Akasema, "Najua. Bibi yako haoni tena. Changu alikifumua mwezi uliopita."

Nikamuuliza kwa nini hatumwambii.

"Mwambie wewe."

Basi nikarudi nimwambie. Nikamkuta ameshika nyuzi zangu, nyeusi na nyeupe zimechanganyika. "Kaa nikufundishe," akasema. "Nipe nyeusi."

Alikuwa nazo mkononi, Agustina.

Nikazichambua, nikampa. Nikakaa, nikaanza upya.

Harusi ni Jumamosi, na mpaka sasa nimesuka kitako tu.