Barua ya Kuwarudisha Askari wa Kivukoni na Suala la Mkalimani

KAMATI YA FAMILIA ZA WALINDA AMANI
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA TISA (CHA DHARURA)

Tarehe: Jumamosi, 14 Juni
Mahali: Kantini ya kambi, kwa kuwa ukumbi ulikuwa unapakwa rangi

Waliohudhuria:
Mke wa Kamanda – Mwenyekiti
Dada wa Kamanda – Katibu
Mke wa fundi redio – Mjumbe
Mama wa dereva wa lori – Mjumbe

Mwalikwa: Mkalimani wa kikosi (mwanamke)

Asiyehudhuria: Mhazini. Alituma salamu, hakutuma udhuru.

KUMB. NA. 1/9: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao saa nane na robo mchana. Alieleza kwamba ajenda ni moja tu: barua ya kuiomba serikali iwarudishe askari wetu muda wao utakapoisha mwezi ujao, isiwaongezee miezi sita. Mama wa dereva aliuliza kwa nini mwalikwa amekalishwa peke yake kando ya friji. Mwenyekiti alijibu kwamba pale kuna hewa.

KUMB. NA. 2/9: SABABU ZA BARUA

Mwenyekiti alieleza kwamba kikosi kimelinda kivuko mwaka mzima na mapatano kati ya pande mbili za mto hayajapatikana. Malori ya chakula yamekwama upande mmoja, na wakimbizi wako ng'ambo. Huku nyumbani watoto wanakua bila baba.

Mke wa fundi redio alisema sababu hizo zilikuwepo tangu zamani, na Mwenyekiti ndiye aliyekuwa akiwahimiza wenzake wavumilie. Aliuliza kilichobadilika ni nini. Kisha akajijibu mwenyewe: "Ni ile picha."

Iandikwe kwamba picha hiyo ilizunguka kwenye simu za familia zote. Kamanda ameketi chini kando ya Mkalimani, anacheka mpaka amefumba macho.

Mwenyekiti alisema kucheka si kosa. Ila yeye, katika ndoa yake yote, hajawahi kuchekewa hivyo. "Kwangu akipiga simu ni 'watoto wamekula? gesi ipo? haya, usiku mwema.' Kicheko anakibakiza huko huko."

Katibu alisema kaka yake hakuwa mchekaji tangu utotoni. Mwenyekiti alimjibu: "Wifi, wewe andika. Huyo ni ndugu yako, huwezi kunitetea mimi." Katibu aliandika.

Mke wa fundi redio aliongeza kwamba hata hiyo simu ya gesi wengine hawaipati, maana wakubwa ndio hupewa simu kwanza, ingawa anayeitengeneza ikiharibika ni mumewe. Suala hilo liliahirishwa.

KUMB. NA. 3/9: MAELEZO YA MWALIKWA

Mkalimani yuko mjini kwa mafunzo mafupi, na Mwenyekiti ndiye aliyemwalika. Wajumbe walidhani ameitwa kuleta salamu za vijana. Mwenyekiti alimtaka aeleze mbele ya wote siku ile walikuwa wanachekea nini.

Mkalimani alieleza kwamba Kamanda alijaribu kuwasalimia wazee wa ng'ambo kwa lugha yao. Alitaka kuuliza wameamkaje, akauliza kama mbuzi wao wameshaoa. Wazee wa pande zote mbili walicheka, ndipo naye akacheka. Ilikuwa mara yao ya kwanza kucheka pamoja tangu mapigano yaanze. Mama wa dereva naye alicheka, kisha akaomba radhi.

Mwenyekiti alisema amesikia, lakini kazi hiyo apewe mwanamume. Mkalimani alijibu kwamba waliomtangulia walikuwa wanaume, na kila mmoja alishukiwa na upande mmoja kuwa mpelelezi. "Mimi baba yangu ni wa upande mmoja wa mto, mama wa ng'ambo. Ndiyo maana wananivumilia. Isipokuwa mtu mmoja."

Alipoulizwa ni nani, alisema ni mumewe. Ndiye mkuu wa wapiganaji wa ng'ambo. Alipoiona picha ile ile alitoka kwenye mazungumzo na watu wake wote, na malori yaliyokuwa karibu kuruhusiwa kuvuka yakabaki pale pale.

"Dada, nakuelewa kuliko unavyofikiri," alisema. "Mume wangu naye ana wivu. Ila yeye hana kamati. Ana bunduki."



KUMB. NA. 4/9: UJUMBE WA SAUTI

Mwenyekiti alibeba kiti chake akaenda kukaa kando ya Mkalimani. Aliuliza kama huyo bwana anapatikana. Mkalimani alisema simu zake hapokei, lakini ujumbe wa sauti anasikiliza. Mwenyekiti akaongea, Mkalimani akawa anatafsiri:

"Shemeji, mimi ndiye mke wa yule Kamanda. Picha uliyoiona nami nimeiona. Nimeikuza kwenye simu mpaka nikaona kucha. Leo nimemwita mkeo ili nimuumbue mbele ya watu."

Hapo Mkalimani alisita. Mwenyekiti alimwambia: "Tafsiri kama ilivyo."

"Amenieleza, nimemwamini, na bado roho inaniuma. Kwa hiyo sikuombi uache wivu, mbona mimi mwenyewe sijaacha. Nakuomba urudi kwenye mazungumzo ukae karibu nao, uwatazame kwa macho yako. Mimi nafasi hiyo sina. Ningekuwa nayo, nisingetoka."

Wajumbe walikuwa wanakunywa chai jibu lilipofika. Mkalimani alilisikiliza mara mbili kabla ya kulitafsiri: anauliza kama Kamanda anajua mkewe ametuma ujumbe.

Mwenyekiti alisema: "Mwambie hajui. Na asimwambie."

Jibu la pili lilikuwa fupi. Atakuja kivukoni Alhamisi na watu wake, na malori yajiandae. Lakini yeye atakaa katikati, kati ya mkewe na Kamanda. Mwenyekiti alisema hilo analiunga mkono kwa mikono miwili.

KUMB. NA. 5/9: UAMUZI

Mke wa fundi redio alisema askari wakiondoka mwezi ujao, malori yatakayoanza kuvuka hayatakuwa na mlinzi. Alipendekeza barua isipelekwe. Mama wa dereva aliunga mkono, akasema mwanawe ndiye atakayeendesha lori la kwanza, na ana hofu. Katibu naye alikubali.

Mwenyekiti alikuwa wa mwisho kunyoosha mkono. Alisema: "Miezi sita mingine. Nakubali, ila sijafurahi. Wifi, yaandike yote mawili."

Yote mawili yameandikwa.

KUMB. NA. 6/9: KUFUNGA

Kikao kilifungwa saa kumi na moja jioni, kantini ilipohitajika kwa chakula.

........................
Mwenyekiti

........................
Katibu