Basi la Kuitwa kwa Simu

Jumanne

Miaka yangu ni themanini na moja. Nimezika ndugu zangu wote, nimeshinda kipindupindu na mafuriko ya ziwa. Leo basi limenishinda.

Siku hizi haliji mpaka uliite kwa simu. Asubuhi Adhiambo, muuza samaki wa hapa Asembo, aliniambia, "Mzee, wacha nikuitie." Nikakataa. Mimi nimesimamisha mabasi kwa mkono huu tangu yeye hajazaliwa!

Likaja, likasimama kwa sababu Adhiambo alikuwa ameliita kwa safari yake ya Kisumu. Nikaweka mguu mlangoni. Kondakta akasema, "Baba, hivi viti vina watu huko mbele, wameshaita. Wewe hukuita." Hakunisukuma. Afadhali angenisukuma.

Nikampa Adhiambo bakuli la ngege, samaki niliyompikia mke wangu, ampelekee hospitali ya Kisumu alikolazwa. Kesho alfajiri anapasuliwa. Nilimwambia leo nitakuja.

Simu ninayo. Ila maneno yake ni ya Kizungu, na kumwambia Adhiambo kwamba mimi...

Amerudi jioni na bakuli tupu. Anasema mke wangu alikula akiangalia mlango.

Adhiambo ndiye shahidi wangu kwamba nilifika barabarani. Mwingine ninayetaka ajue hivyo ni mke wangu, kama ataamka baada ya kupasuliwa.